Uzio wa Moniteri

Alikuwa hawezi kupita mbele ya kichaka cha lantana bila kukigombeza. Hakupaza sauti, maana alikuwa mtu wa kanisa. Alisimama tu, akakitazama kama anayemkuta mtoto mtoro wa shule, akakiambia, "Weye, utakwisha mbele yangu," kisha akaenda zake. Watu wa avenyu yetu walizoea. Wageni walidhani mzee ana kichaa kidogo, na sisi hatukujisumbua kuwakatalia.

Kichaka cha kwanza nilichomwona akikigombeza kilikuwa changu. Kilikuwa kimeota kando ya butiki yangu hapa Nyamianda, na nilikipenda, kwa sababu maua yake madogo ya njano na waridi yalinipambia mlango bila kunidai hata kopo la maji. Yeye alikuwa amehamia juzi tu katika nyumba ya mbele yangu. Alisimama barabarani, hakukanyaga hata ukingo wa kiwanja changu, akaita hodi. Nikajibu karibu. Akangoja. Nikajibu tena, kwa sauti zaidi. Ndipo akaingia, akachuchumaa, akachimba kwa kijembe cha mpini mfupi mpaka mzizi wa mwisho ukatoka. Akaukung'uta, akaukung'uta tena, udongo ukaanguka palepale ulipotoka.

"Udongo ni wako, Mama Zawadi," akasema. "Minye nabeba tu ile mubaya."

Akaondoka na kichaka begani, mimi nikabaki na shimo mlangoni. Nilinuna siku kadhaa. Hata sukari nilimuuzia bila kumwangalia usoni, na sidhani kama aligundua.

Tulimwita Moniteri, na nina shaka kama watu wengi mtaani walijua jina lake la ubatizo. Moniteri kwetu ni mtumishi wa kilimo, yule anayepita vijiji vya uwanda wa Ruzizi akiwaonyesha watu namna ya kupanda mihogo kwa mistari na namna ya kutambua migomba inayoumwa. Wa kwetu aliambiwa amestaafu. Alisema aksanti, na kesho yake akavaa mabote yake na kushika njia ya uwanda kama jana. Sijui kama kuna aliyethubutu kumweleza maana ya kustaafu.

Mabote yenyewe yalikuwa na viraka vya mpira wa baiskeli. Mkono wa kulia alivaa glovu, wa kushoto hakuvaa, na mkono huo usio na glovu ulikuwa umekwaruzwa tangu vidole hadi kiwiko, maana lantana ina miiba midogo shinani na majani yake ni makali. Nilimuuliza siku moja kwa nini asitafute glovu ya pili. Akasema mkono mmoja ni wa kushika na mwingine ni wa kusikia. Asiposikia mzizi, alisema, ataukata, na mzizi uliokatwa ni kazi ya bure. Harufu ya majani yale, kali kidogo kama dawa ya kikohozi, haikumtoka kamwe. Hata siku ya Pasaka, akiwa katika shati jeupe, ungeweza kumtambua umefumba macho.

Sisi tulikuwa tunaiona lantana kama kitu cha siku zote. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba haikuwa ya hapa, kwamba ililetwa zamani kupamba mabustani ya wakubwa, na ndege wakapenda vitunda vyake vyeusi, wakavimeza, wakaenda kuvinyea popote walipotaka. Mahali ilipoota, majani ya ng'ombe hayaoti tena. Na ng'ombe mwenye njaa akiila, anaumwa. Alikuwa akipanda hadi Rurambo, milimani, kwa miguu, kutazama imefika wapi. Wachungaji wa kule walimcheka kwa sababu alikuja mbali namna ile kuangalia majani tu, lakini walimpa maziwa, na alirudi akituhadithia maziwa kuliko lantana.

Alikuwa na neno lake moja, na alilisema mpaka watoto wakawa wanamwigiza. Ukikata lantana kwa panga, alisema, umeinyoa tu.

Neno hilo lilipata umaarufu siku ya salongo. Kila Jumamosi asubuhi, kama ilivyo desturi yetu, maduka hufungwa na kila nyumba hutoa mtu wa kufanya usafi. Jumamosi ile shefu wa avenyu alitaka kingo za mtaro wetu zisafishwe, maana wakubwa wangepita. Sote tukaja na mapanga, na kwa muda mfupi vichaka vyote vya lantana vikawa chini. Pakapendeza. Shefu alikuwa anatabasamu. Moniteri peke yake alikuwa bado amechuchumaa kwenye kichaka chake cha kwanza, anachimba.

"Mzee, tutachelewa juu yako," shefu akamwambia. "Kata, tuende."

"Munamunyoa tu. Muntu akinyolewa, anakufa?"

"Lakini angalia, iko safi."

"Iko safi kwa macho ya wageni."

Watu wakacheka, mimi nikiwa mmoja wao. Salongo kwetu hupimwa kwa macho: shefu anapita, anaona peupe, anawaruhusu mrudi nyumbani. Nani atapimwa kwa mizizi? Mvua ziliponyesha, kila kisiki kilitoa machipukizi mengi, na ukingo ukawa mzito kuliko kwanza. Pale alipochimba yeye pakaota nyasi. Wapo watu ambao katika hali ile wangenyamaza kwa heshima. Yeye hakunyamaza hata kidogo. Alipita nyumba kwa nyumba akituita twende kuona, na alipofika kwa shefu alibisha hodi kwa muda mrefu sana.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa anachosha. Alikula bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, mbele ya butiki yangu akieleza mambo ya mizizi mpaka wateja wakaahirisha njaa zao. Aliimba kanisani kwa sauti ya juu isiyofuata wengine. Na hakujua kusema pole. Ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu wa chini, alikwenda kusaidia kubeba vitanda, lakini kitu alichowaambia wenye nyumba ni kwamba wachunge, maji yataleta mbegu.

Lakini kuna siku moja ambayo kwa ajili yake nilimsamehe mambo mengi. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, wanamchokoza. Mmoja akasema hata muhogo ulitoka mbali, mbona haung'oi.

"Muhogo unakaa pale umeupanda," akajibu. "Lantana inakaa pale inataka. Ile ndio tofauti."

Mwingine akadakia, akiwa na sauti ile ya kuwahesabu majirani kuwa wageni, tunayoijua sana upande huu wetu. "Basi na watu iko vile vile, Moniteri. Kuko benye balikuya, na sasa banataka..."

"Koma." Moniteri aliinua mkono wake uliokwaruzwa. "Minye nazungumuza majani. Muntu ni jirani yako, unamupigia hodi. Haumungoi."

Akaondoka, akaacha sukari aliyoinunua juu ya meza. Yule mtu alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nilimpelekea mzee sukari yake baadaye, na hatukulirudia jambo lile.

Sasa nifike kwenye uzio.

Moniteri alikuwa na shamba Katogota, kijiji cha uwandani, na shamba lile halikuwa lake hasa. Mke wake alilinunua kwa jasho lake, akiuza ndagala, na alipokufa alitaka liwe la binti yao wa pekee, ambaye ameolewa Bukavu. Mimi nilikuwa nakwenda Katogota kununua mihogo mikavu, ndivyo nilivyoliona. Upande mmoja wa shamba, kuanzia barabarani hadi kwenye mfereji, palikuwa na uzio mrefu, mnene, unaochanua vizuri sana. Nikasimama. Nikausogelea ili nihakikishe. Ulikuwa wa lantana.

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Nilipofika Nyamianda nikamwambia mbele ya watu kwamba nimekutana na ndugu zake Katogota, wanamsalimu. Alielewa mara moja. Hakucheka.

"Ile haiko lantana, Mama Zawadi," akasema. "Ile ni shahidi."

Baadaye alinieleza, kwa kifupi, akitazama pembeni. Ule uzio mke wake aliupanda kwa mikono yake mwaka aliponunua, kabla hawajaoana, wakati hakuna aliyeona ubaya wake. Waliomwona akiupanda walikuwa wamekufa au wamehama. Upande wa pili lilikuwa shamba la Baba Furaha, na marehemu baba yake Baba Furaha aliwahi kusema, tena zaidi ya mara moja, kwamba yule mama alipanda ndani ya shamba la wenyewe. Wakati ule uzio ulikuwa tayari mkubwa, maneno yakaishia hapo. Kwetu mti ulioota mpakani unaheshimiwa kuliko mdomo wa mtu. Lakini ukiung'oa? Huwezi kupanda mwingine mpaka majirani wote wawili wasimame pale na wakubaliane mstari unapita wapi, na hao hawakuwahi kukubaliana.

"Nikiungowa, shamba ya mutoto itapungua," akasema. "Mama yake atanilaumu."

Kwa hiyo mtu aliyewachosha watu wa uwanda mzima kwa neno lake moja alikuwa na uzio wa lantana, na kila alipopata nafasi alikwenda kuunyoa. Alichuma maua kabla hayajawa mbegu, akayatia katika mfuko, akayachoma. Alifanya hivyo kwa uaminifu wote. Ndege walimtangulia kila mara.

Watu wa Katogota walijua, na walimstahi. Waling'oa zao kwa sababu alikuwa amewafundisha vizuri, na hawakumwuliza kuhusu yake. Naona aliuchukulia ukimya wao kama ruhusa.

Kiangazi kimoja majani ya uwanda yaliisha mapema. Nilikuwa Katogota siku ile, nimekaa shambani kwa Moniteri tunafunga mifuko ya mihogo, Baba Furaha akaja hadi barabarani na kuita. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anayeinama anapozungumza.

"Moniteri, kuya uone ngombe yangu. Haiko sawa."

Tulikwenda wote. Ng'ombe alikuwa mmoja, mwenye ndama, na maziwa yake ndiyo yaliyonywewa na watoto wa nyumba ile. Alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, penye kivuli, kichwa kimeegemea ukuta, kama hataki kabisa kuliona jua. Ngozi ya pua ilikuwa imepasuka. Moniteri alimfungua jicho kwa kidole, nami niliona: lilikuwa la njano.

"Ilikula wapi?"

"Majani iliisha. Niliiachilia tu hapa karibu."

Hapa karibu palionekana kutoka tulipokuwa tumesimama. Uzio wa Moniteri, upande wa Baba Furaha, ulikuwa na pengo lililoliwa, la kimo cha mdomo wa ng'ombe.

Moniteri alilitazama lile pengo, akamtazama ng'ombe. Angeweza kusema ni ndigana. Kupe walikuwa wengi mwaka ule, ng'ombe wengine walikuwa wanakufa kwa ndigana, na pale hapakuwa na mtu mwingine wa kujua, maana mwenye kujua alikuwa yeye. Mimi, kusema kweli, nilimwombea aseme hivyo.

"Ni lupango yangu," akasema, akiuelekezea uzio kidole. "Lupango yangu ndio imeiua."

"Bado haiyakufa, Moniteri."

"Itakufa."

Baba Furaha hakugomba. Alichukua kijiti, akakivunja, akavunja tena vipande vyake. "Weye ndio ulitufundisha," akasema. "Kila mwaka unakuya hapa, mungowe, mungowe. Siye tulingowa. Weye?"

"Minye niliinyoa."

Ng'ombe alikufa kabla juma halijaisha. Moniteri alimpelekea Baba Furaha mbuzi wake wawili, ambao hawakuwa ng'ombe, na wote wawili walijua hivyo. Kisha akaanza kung'oa. Alimwomba Baba Furaha aje wasimame pamoja, waweke hata mawe kwenye mstari. Baba Furaha alijibu kwamba ana kazi, na siku iliyofuata alikuwa na kazi tena. Watu wa kijiji walikuja na majembe kumsaidia mzee, akawashukuru na kuwarudisha nyumbani. Nilipopita nilisimama barabarani kutazama. Uzio wote ulikuwa umelazwa juani, mizizi juu, imekung'utwa safi. Bila ule uzio mahali pale palikuwa padogo na pa kawaida sana.

Binti yake alipiga simu kutoka Bukavu. Simu ya Moniteri ilikuwa na sauti kuliko redio yangu, kwa hiyo butiki nzima ilisikia.

"Baba, banasema umengowa mupaka wa mama."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Iliua ngombe ya muntu."

"Na sasa shamba inaishia wapi?"

Akatutazama sisi tuliokuwa pale, mmoja mmoja, kama kwamba mmoja wetu anajua. "Tutaona mvua ikinyesha," akasema.

Mvua iliponyesha tuliona. Baba Furaha alipanda mihogo, na mstari wake wa mwisho haukuishia ulipokuwa ukiishia. Uliongezeka mmoja, ukaongezeka wa pili. Nilikasirika kama vile shamba ni langu. Nilimwambia Moniteri aende kwa shefu wa kijiji, nami nitakuja kusema nilichokiona, maana uzio ule niliujua vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama mihogo yangu ya juzi ilikauka vizuri. Nikamwita mjinga, mbele yake, na sikujuta, ingawa baadaye niliona aibu kidogo kwa ajili ya umri wake.

Baada ya hapo magoti yalimkamata, akaacha kupanda Rurambo, kisha akaacha kwenda hata kanisa la mbali. Akahama Nyamianda akaenda kukaa Katogota moja kwa moja, ili, alivyosema, kazi imkute nyumbani. Mtaa ulitulia. Lantana ikarudi kwenye mtaro, tukainyoa Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilimkumbuka kuliko nilivyotarajia.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mwanzo wa mvua. Nilikwenda kununua mihogo kama kawaida, nikamkuta amesimama mwisho wa shamba lake, fimbo mkono mmoja, kijembe mkono wa pili. Hakuvaa mabote, miguu ilikuwa imevimba. Nikamsalimu, akanionyesha ardhi kwa fimbo.

Mbegu za lantana hukaa ardhini muda mrefu zikingoja. Mvua ilikuwa imeziamsha. Vichipukizi vidogo, vyenye majani mawili matatu, vilikuwa vimetoka kwa safu iliyonyooka tangu barabarani hadi mfereji, palepale uzio ulipokuwa. Asingeweza kukosea hata mtoto. Na safu ile haikupita pale shamba la Moniteri lilipoishia sasa. Ilipita ndani ya mihogo ya Baba Furaha, na kati ya safu ile na sisi ilisimama mistari yake miwili.

"Unaona?" nikamwambia. "Yenyewe imerudi kusema. Acha ikae hivi. Ita shefu leo, ita watu bote, baone."

"Ikikaa mpaka ichanue, Katogota yote itaijua."

"Basi acha hata moja. Ikuwe alama."

"Moja ndio iliniua miaka yote ile, Mama Zawadi."

"Na mutoto?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akitazama vile vichipukizi ambavyo mke wake, kwa namna fulani, alikuwa amevipanda. "Nitamuachia padogo," akasema. "Lakini pasafi."

Baba Furaha alikuwa upande wa pili, amesimama katikati ya mihogo yake na jembe. Alikuwa ametuona tangu mwanzo, na alikuwa ameiona safu. Hakuna aliyeweza kusimama pale asiione.

Moniteri akasogea hadi mstari wa kwanza wa mihogo, akasimama, hakukanyaga.

"Hodi," akaita.

Baba Furaha hakujibu. Aliangalia chini, akaangalia mfereji. Mzee akangoja.

"Hodi, Baba Furaha."

"Karibu," Baba Furaha akasema, kisha akarudia kwa sauti zaidi. "Karibu, Moniteri."

Ndipo akaingia. Alipiga magoti kwa shida, akakitafuta kichipukizi cha kwanza kwa ule mkono wake usio na glovu, akakisikia hadi chini, akakitoa na mzizi wake wote. Akakung'uta, akakung'uta tena, udongo ukaanguka palepale.

"Udongo ni wako," akasema, akasogea kwenye cha pili.